Tepu Mbili na Cherehani ya Mama Mkwe

Jumatatu, tarehe 3 Juni
Mama mkwe ametangaza. Macho yamechoka, kushona basi. Cherehani yake ataichukua mmoja wetu, mimi au wifi: yule ambaye mfarishi wake, tandiko la vipande, utalala sawa kitandani siku ya Jumamosi. Vitambaa virefu vya rangi tatu, vishonwe ubavu kwa ubavu, vikatwe miraba, mistari ya mmoja isimame, ya mwingine ilale. Wifi akatabasamu. Simpendi akitabasamu. Cherehani yangu inaruka mishono tangu niolewe. Ile lazima niipate.

Jumanne, tarehe 4 Juni
Hesabu ya mtoto. Vitambaa vitatu vya inchi nne nne, jumla kumi na mbili. Nimeshona, nimepiga pasi, nimekata urefu wa kumi na mbili. Nageuza mraba: upana kumi na moja! Mume wangu akasema, bila kuulizwa, kwamba mshono nao unakula kitambaa. Nikamwuliza ufundi kaanza lini. Nimeivuta miraba kwa pasi ya moto. Imeongezeka katikati tu. Sasa ina vitambi.

Jumatano, tarehe 5 Juni
Nimeshona upya na kukata kwa kumi na moja. Mume wangu sijamwambia. Nikiwa nusu ya kazi, akailaza tepu yangu kando ya yake ya chuma. Yangu imevutika, inchi zake zimenenepa. Mwingine angelia. Mimi nikapata wazo. Nikaenda kumjulia hali wifi. Alipoingia jikoni kuniletea maji, nikabadilisha tepu yake kwa yangu. Zote za njano. Nikanywa maji, nikashukuru, nikaaga.

Alhamisi, tarehe 6 Juni
Nimemaliza nusu iliyobaki kwa tepu ya wifi. Tepu nzuri sana. Nimeshafagia pembe ambayo cherehani itakaa.

Ijumaa, tarehe 7 Juni
Miraba imegoma kukutana. Ya Jumatano mikubwa, ya Alhamisi midogo. Nimeiunganisha hivyo hivyo, kwa nguvu. Kisha nikaenda kwa wifi nijifariji kwa maafa yake. Hana maafa. Eti yeye tepu haamini. Akishashona na kupiga pasi, analaza kitambaa juu ya boksi, anachora upana uliopatikana, anakata boksi mraba, na miraba yote anaikata kwa boksi hilo. Tepu yangu ameifungia pazia.

Jumamosi, tarehe 8 Juni
Wa wifi umelala kitandani kimya. Wangu pembe moja imegusa sakafu, nyingine haikufika kwenye godoro, katikati pana kilima. Mama mkwe akapapasa viungo vyote kwa vidole, kisha akaniuliza kwa upole, mwanangu, kuna mtu humu ndani? Cherehani ikaenda kwa wifi.

Nililia jikoni. Kwa kweli nililia, maana niliitaka sana. Wifi akanifuata, akasema cherehani ni yetu sote, nije nishone wakati wowote. Akanipa na boksi lake, akanisihi nisiliguse kwa mkasi wala kwa gundi. Nikaona aibu. Nilipomsindikiza kwake, nikarudisha tepu yake mezani kimyakimya na kuifungua yangu kwenye pazia. Kuanzia leo, mimi na vitimbi basi.

Jumapili, tarehe 9 Juni
Nimeamka moyo mweupe. Nikaona kabla ya kukata, nilipime lile boksi kwa tepu yangu mwenyewe, kwa amani tu. Linapungua robo inchi kwenye kumi na moja. Nilijua! Mtu hawezi kuwa mwema kiasi kile bure. Nimebandika kipande pembeni, gundi ikikauka naanza kukata. Mume wangu anataka kusema kitu. Nimemwambia akachote maji.