Commissaire Kabongo Anafungua Huduma ya Kutuliza Maumivu

Mwakilishi wa Gouverneur, mwenye hakufika lakini kiti yake iko hapa, Mon Père, padri wetu, bakubwa ba jeshi, weshimiwa commerçants ba Butembo, benye bila benzini yao hata hii micro haingelia, délégué wa Kirumba, mwenye alifika leo juu ya camion ya mbatata, bachef ba quartier ba Bulengera, kila mumoja kwa ukubwa wake, na ninyi raia, kwa wingi wenu: hamjambo! (Hatujambo.) Hamjambo tena! (Wanaitika kidogo.)

Mimi Commissaire Kabongo, mutoto wa Kasaï mwenye kutumwa huku na mouvement yetu ya ukombozi, mwaka huu wa 2001, bila mushahara, bila kulalamika na bila bibi yangu, nilienda séminaire ya siku ine kule Kampala, mu hoteli yenye ascenseur, ile lifti ya kupandisha batu, na kule nikafahamu kwamba mugonjwa wa kansa ya damu anaweza kupewa moelle mupya ya ndugu yake, ni kusema ule uboho wa ndani ya mufupa, lakini, na hapa ninaomba muandike, hata mbele ya ile greffe, ule upandikizaji, tangu siku ya kwanza, inafaa atulizwe maumivu, asikilizwe, na garde-malade mwenye kumulinda naye atunzwe! (Makofi. Bamama ba garde-malade wanaacha masufuria nyuma ya hôpital, wanakuja kusikiliza.)

Donc, kwa hesabu ya bureau yangu, tumefikia mia kwa mia. Toka Butembo mpaka Beni, hata Mulekera, hakuna mugonjwa wa greffe hata mumoja mwenye alilalamika! (Sauti: "Juu hakuna mwenye alifanyiwa!") Exactement! Ndiyo inaitwa prévention. (Kicheko.)

(Mama mumoja anasimama: "Monsieur le Commissaire, mi ni Kavuo. Bwana yangu Kambere iko na ile kansa, salle ya tatu ya hii hôpital. Miezi ine minalala chini, kando ya kitanda yake. Analia mpaka anauma shuka. Banganga ba hôpital walisema dawa ya maumivu inakuja na weye. Iko wapi?")

Mama Kavuo, pole sana. Swali ya akili. Dawa, techniquement, iko mu circuit, iko njiani. Shida ni kwamba huduma yetu ni ya mapema, précoce, na bwana yako alianza kuugua mbele ya inauguration, ni kusema yeye ndiye alitangulia projet. Angengojea kidogo! (Manung'uniko. "Weee! Ugonjwa inangojeaka?") Silence, tafazali! Kwa upande wa bagarde-malade, nimesikia kilio chenu: mugongo, usingizi, makala ya kupikia. Comité ya batu kumi na saba itajifunza mugongo. (Kicheko. Kavuo hacheki, angali wima: "Minaomba kidonge moja tu, alale.")

Mama, kweli ya Mungu, hata mimi roho inaniuma. Inaniuma kukupita, juu weye unaumia kwa mutu mumoja, mimi ninaumia kwa territoire muzima! Mouvement! (Oyé!) Huduma! (Oyé!) Maumivu! (Oyé! Wanaitika kwa mazoea. Mon Père anafunga macho.)

Namaliza na shukrani. Asanteni ninyi mia tatu na kumi na mbili benye mulisaini karatasi pale pa kuingia. Tutaituma kwa bafadhili, tuseme ni bagonjwa benye tulishatuliza maumivu, na bakiamini, batatupa dawa, na infirmière wa kuuguza, na salle, na projet yenyewe, juu kwa sasa, tusidanganyane sisi bandugu, kitu tuko nayo ni ile karatasi. Mama Kavuo, ujivunie! Uliandika jina ya Kambere wa kwanza, sisi tukaongeza kando: "Hana maumivu tena."

(Kavuo anapanda mbele, anamunyanganya Commissaire bic, anafuta jina ya bwana yake pale pa karatasi. Bamama ba garde-malade wanapanga mustari nyuma yake.)

Muone, weshimiwa! Raia wanasaini mara ya pili! Merci, merci sana! Bamama, musisukumane, bic iko moja tu!