Lenzi Ndefu na Ng'ombe wa Mizani

Jumatatu, 3 Machi

Leo bahati imebisha hodi. Kwaya ya Idara ya Maji inakwenda ng'ambo! Tamasha la kwaya za wafanyakazi, wiki tatu nzima. Waimbaji kumi na wanane. Mke wangu, karani wa dirisha la malipo, ndiye mwimbaji kiongozi. Mimi, msoma mita, simo. Niliondolewa kwenye besi mwezi Januari. Mwalimu wa Kwaya, ambaye mchana ni mhasibu mkuu na huruma hana saa zote, alisema sauti yangu hupanda wenzangu wanaposhuka. Wivu tu.

Sasa habari yenyewe. Tiketi moja imetangazwa, ya mpiga picha. Mwalimu akasimama uani kazini akauliza nani anajua kazi hiyo. Mkono wangu ulipanda kabla sijashauriana nao. Kamera sijawahi kushika. Nina simu, nayo kila picha ina kidole changu.

Mkono wa pili ukapanda. Mtunza Stoo! Huyu harusi haimpiti, na kamera yake ina lenzi kama bomba la inchi nne. Akanitabasamia. Simwamini mtu anayetabasamu kabla ya saa nne asubuhi.

Masharti: mizigo yote ni sare na ngoma, kwa hiyo mpiga picha anapewa kilo mbili za mkononi. Kamera, lenzi, chaja, mfuko, vyote humo humo. Ukizidisha gramu moja, unabaki. Mtihani ni Jumamosi ukumbini. Picha mbili: kwaya nzima, halafu uso wa mwimbaji kiongozi.

Miaka kumi na moja ya ndoa hatujalala mbalimbali hata usiku mmoja. Yeye huimba jikoni, mimi husikiliza sebuleni nikijifanya nasoma gazeti. Wiki tatu bila sauti ile siziwezi. Nasema kweli, siziwezi. Hili sikumwambia. Aliponiuliza kamera nitaitoa wapi, nilimjibu nina mpango. Alinitazama sana, akaenda kuosha vyombo.

Jumanne, 4 Machi

Mpango wa kwanza: Mjomba. Ni mjomba wa mke wangu, mwenye studio ya picha za pasipoti karibu na kituo cha polisi. Mzee wa maneno machache na miwani miwili, mmoja usoni, mmoja kichwani. Nilipoingia nilimwamkia mara tatu. Akaniuliza nataka nini.

Ana kamera ndogo, dhahabu tupu! Inaingia kwenye kiganja. Na lenzi tatu: fupi ya kupiga watu wengi kwa pamoja, ya katikati, na ndefu ya kuvuta vya mbali. Akanipa somo. Kamera ya safari, alisema, ni ile ambayo hutachoka kuibeba saa kumi jioni. Chukua fupi, chukua ndefu, ile ya katikati iache. Chukua betri ya pili, na kile kichwa cha kubadilishia plagi, maana matundu ya umeme ya ng'ambo hayafanani na yetu. Mfuko wa kitambaa. Basi. Yote hayo, alisema, hayafiki kilo mbili.

Mjomba ni mtu mwema lakini hana makuu. Mpiga picha wa ng'ambo na kamfuko ka kitambaa? Nimechukua lenzi zote tatu, stendi ya miguu mitatu, na begi la ngozi lenye vifungo vya shaba. Nimepita nalo mbele ya stoo mara nne. Mtunza Stoo hakuwepo, alikuwa amekwenda chai.

Jumatano, 5 Machi

Msomi hupima kabla ya kupimwa. Nimekwenda kwa Shemeji, kaka wa mke wangu, mwenye bucha mtaa wa pili. Shemeji ananipenda. Kila mwisho wa mwezi hunitengea maini, kwa ajili ya ushauri mmoja wa kibiashara niliompa mwaka juzi. Mizani yake ni ile ya saa, kubwa, na pale namba zinapoanzia imebandikwa picha ya ng'ombe aliyenona. Inapendeza.

Nikaweka begi langu. Kilo nne na nusu kasoro kidogo! Nikadhani macho yananidanganya, lakini mimi kusoma mshale ndiyo kazi yangu, miaka kumi na minne sasa. Nikatoa stendi. Tatu na robo. Nikaacha begi la ngozi, nikarudi kwenye kamfuko ka kitambaa kama maskini. Mbili na nusu na ushei. Nikatoa lenzi ya katikati. Mbili na gramu mia tatu na hamsini.

Yaani hapo nimebaki na vile vile alivyoshauri Mjomba, na bado vinazidi! Hayafiki kilo mbili, alisema. Miwani miwili na bado haoni.

Wateja wakajipanga nyuma yangu. Mama mmoja akauliza nyama hiyo nyeusi ni kilo shilingi ngapi. Shemeji akaanza kukohoa. Akakohoa tena, akanikonyeza, akaniangalia mimi, akaangalia ng'ombe. Nikamwambia akanywe maji ya moto, mimi nina kazi. Nikatoa chaja na betri. Bado! Nikavirudisha. Nikatoa lenzi ndefu. Kilo moja na gramu mia tisa.

Basi, lenzi ndefu kwaheri. Nilipoirudisha studio pamoja na makorokoro mengine, Mjomba aliniuliza uso wa mtu aliye mbali nitaupigaje. Nikamjibu nina miguu, nitamsogelea. Akahamisha miwani ya kichwani kuja usoni, akanitazama kwa yote miwili.

Alhamisi, 6 Machi

Leo nimempeleka Mtunza Stoo machinjioni, naye akanishukuru! Nilikwenda stoo kwa kisingizio cha kuomba glavu. Nikamnong'oneza, kirafiki kabisa, kwamba Mwalimu hadanganyiki na vikamera. Anataka lenzi kubwa, kubwa zaidi ya ile aliyonayo. Akaniuliza vipi kuhusu kilo mbili. Nikamwambia hayo ni maneno ya hadharani tu, mtu mzima anajua kusoma kati ya mistari. Akanipa glavu jozi mbili na mkono wa ahsante. Kesho ataazima lenzi ya binamu yake, anayepiga picha za mpira wa miguu.

Maskini! Karibu nimhurumie. Nilirudi nyumbani nikipiga mluzi, hata mke wangu akauliza nimefanya nini tena.

Ijumaa, 7 Machi

Mazoezi. Mke wangu alikuwa jikoni akikata vitunguu na kuimba ule wimbo wake wa tamasha. Nikampiga picha kumi na tisa. Katika kumi na tano hana paji la uso. Katika tatu kipo kitunguu peke yake. Moja ni nzuri, ila nilikuwa nimesimama karibu hadi akanikanyaga.

Akaweka kisu chini. Akasema kama nataka kwenda naye, niseme tu kwamba nataka kwenda naye. Akasema iko njia nyingine, rahisi, haihitaji kamera wala kilo. Nikamkatiza. Nilikuwa nimeanza kumweleza kuhusu mwanga unaoingia dirishani na sikutaka kupoteza uzi. Nikaeleza nusu saa nzima. Aliporudia kukata vitunguu nikajua somo limemwingia.

Baadaye kidogo, nikiwa sebuleni na gazeti, nilitaka kumwambia. Maneno yalifika hapa kooni. Lakini mwanamume hamwombi mkewe nafasi, mwanamume anaitwaa. Nikageuza ukurasa.

Jumamosi, 8 Machi

Siwezi kuandika. Nitaandika.

Ukumbi umejaa. Kwaya jukwaani na sare. Mjomba naye kaja, amekaa safu ya nyuma na koti lake, eti kuhakikisha kamera yake haidondoki. Mwalimu akatoa mizani ya chumba cha barua, ile ya vifurushi. Mtunza Stoo kwanza. Kilo tatu na gramu mia sita! Nje! Nikainamisha kichwa kama mfiwa ili nisionekane ninavyocheka. Na yeye, mwanaharamu, hakunitaja. Akacheka mwenyewe, akafungasha bomba lake.

Kisha mimi. Mwalimu akasoma. Akavua miwani, akasoma tena. Kilo moja na gramu mia nne. Nikamwambia hapana, ni mia tisa, nimepima. Akasema mizani hii inapima barua za serikali. Akanisifu kwa wepesi, halafu akauliza mbona nimeacha zaidi ya nusu kilo bila kuitumia.

Picha ya kwaya nzima, safi! Watu kumi na wanane, vichwa kumi na vinane. Nikaanza kuelekea jukwaani kwa ajili ya uso. Mwalimu akachora mstari wa chaki mlangoni. Huko ng'ambo, alisema, wapiga picha husimama nyuma ya kamba na hawavuki. Nipige kutoka hapo.

Kutoka hapo! Nikajinyoosha, nikapanda kiti, nikanyoosha mikono mpaka mabega yakalia. Uso wa mke wangu ukatoka mdogo kuliko punje ya mtama. Mwalimu akauliza hii ni picha ya nani. Mke wangu, kule jukwaani, aliendelea kuimba. Nilimwona anajikaza asinitazame.

Ndipo Mjomba akasimama. Akaichukua kamera mkononi mwangu bila neno. Akatia mkono kwenye koti, akatoa lenzi ndefu. Tak! Picha moja tu. Uso mzima, macho yamefumba, mdomo umefunguka, hata ule mshipa wa shingoni unaotoka akifika juu. Ukumbi ukapiga makofi. Mwalimu akaweka kamera, lenzi zote mbili, chaja, betri na kamfuko juu ya mizani. Kilo moja, gramu mia nane na hamsini.

Mjomba anakwenda ng'ambo! Nikapinga kwamba yeye si mfanyakazi wa Idara. Mwalimu akasema tangazo lilitaja mpiga picha, halikutaja zaidi.

Jumapili, 9 Machi

Nimekwenda buchani kudai haki. Nikamwambia Shemeji mizani yake ni mwongo. Akanivuta ndani, akafunga mlango. Akasema anajua. Akainua sahani ya mizani. Chini yake, imefungwa kwa waya, nati ya shaba, ya mita kubwa ya kiwandani. Nusu kilo! Akabandua ng'ombe. Mshale ulikuwa umesimama kwenye nusu, umejificha nyuma ya tumbo lake.

Nikamuuliza ni shetani gani alimpa wazo hili. Akaninyooshea kidole.

Kumbe ndiyo ule ushauri. Nati niliitoa mimi mwenyewe kazini, na ng'ombe nilimkata mimi kwenye kalenda. Shemeji akasema alikohoa mpaka mteja mmoja akamletea tangawizi. Nikamwambia kukohoa si lugha. Akasema angesemaje mbele ya wateja, na mimi mwenyewe nilimwapisha kwamba siri hii asimwambie mtu, hata mama yake mzazi. Mchimba kisima huingia mwenyewe, akasema. Nikamwambia aache methali, anipe maini yangu.

Jumatano, 12 Machi

Wameondoka.

Uwanja wa ndege, asubuhi. Mjomba na kamfuko, miwani yote miwili usoni kwa furaha. Sare kumi na nane zimefungwa vizuri. Na anayezisukuma kwenye toroli ni nani? Mtunza Stoo!

Nikadai maelezo. Mke wangu akanivuta pembeni. Akasema tangu Jumatatu ya kwanza Mwalimu alikuwa anatafuta mtu wa kunyoosha na kubeba sare, safari imelipiwa, hakuna mtihani. Atakayeomba ndiye atakayepewa. Yeye, mke wangu, aliogopa nikiambiwa moja kwa moja nitaigeuza kuwa mpango. Kwa hiyo alisubiri nimwambie tu kwamba nataka kwenda naye. Ijumaa alinifungulia mlango na mimi nikamhubiria habari za dirisha. Juzi Jumatatu Mtunza Stoo alikwenda akauliza kama kuna kazi yoyote. Kuuliza si ujinga, alisema mke wangu, lakini alisema kwa upole, na macho yake yalikuwa na maji.

Akanipa bahasha. Ndani, ile picha ya Mjomba. Akasema kama kuna neno nataka kumwambia, dakika tano zipo.

Neno lilikuwepo. Lilikuwa kooni pale pale lilipolala tangu Ijumaa. Nikamwambia asisahau kichwa cha plagi. Akanishika shavu, akaenda.

Sasa niko jikoni. Kimya. Nimeiegemeza picha kwenye chupa ya mafuta ya kupikia. Mdomo wazi, na sisikii kitu. Wiki tatu ni ndefu jamani.

Saa kumi akapiga simu kutoka kituo cha kubadilisha ndege. Akauliza nyumba ikoje. Nikasema nzuri. Akauliza mimi nikoje. Nikavuta pumzi, nikafungua kinywa, nikamwambia mtandao unasumbua. Nikakata.

Basi nimekaa nimelifikiria jambo hili kwa kina, kwa uaminifu, bila kujipendelea, na kosa nimeliona. Ni ile nati. Ilikuwa ndogo mno. Nusu kilo mtu haishtukii, hata msoma mita. Ingekuwa ya kilo nzima, ningejua pale pale kwamba mizani inadanganya, ningemsikiliza Mjomba, lenzi ndefu ningekuwa nayo, na saa hii ningekuwa kwenye ndege kando ya mke wangu. Kazini iko nati moja ya bomba kuu, haina mwenyewe. Kesho asubuhi naipeleka kwa Shemeji. Itabidi tutafute na ng'ombe mkubwa zaidi.