Kauboi wa Duka la Mapazia

Jumatatu, tarehe 3 Machi
Tangazo! Shangazi, mwenye duka, amesema Jumamosi atachagua mtu wa kusimama mbele kupokea wateja. Mmoja tu. Ama mimi, ama Wifi. Miaka tisa nashona mapazia chumba cha nyuma, uso ukutani. Wateja wananijua kwa mlio wa cherehani tu. Nimechoka! Nataka kuonekana.

Wifi, mke wa kaka yangu, tunashona naye hukohuko nyuma. Ameshaanza kutembea kama aliyekwisha kuchaguliwa. Eti ana mvuto. Ana viatu virefu, basi.

Mchana nimeona picha kwenye gazeti la mitindo. Mwanamke kavaa kikauboi: kofia pana, buti, mkanda wenye chuma kikubwa mbele, koti la jinzi lenye matamvua mikononi. Anatazama watu utadhani ng'ombe wote duniani ni wake. Huyo ndiye mimi! Maelezo yanashauri kuvaa kitu kimoja au viwili kwa siku, vingine viwe vya kawaida. Ushauri wa waoga.

Jumanne, tarehe 4
Buti nimepata mitumbani. Za kahawia, zina maua ya uzi na kisigino cha haja. Namba arobaini na mbili. Mimi navaa thelathini na nane. Soksi jozi tatu, mambo safi. Nimezivalia gauni langu la maua, mkanda juu yake. Mume wangu ameuliza ng'ombe nimewaacha wapi. Anasema nani! Ana shati moja la kutokea tangu tuoane.

Dukani Shangazi alitoka mbio kuangalia nani anapigilia misumari. Ni mimi, natembea. Wifi akauliza kama leo tunamwaga zege. Kicheko chake kimeniuma. Lakini ameziangalia buti mara nne!

Jumatano, tarehe 5
Matamvua. Stoo kuna bunda zima la rangi ya dhahabu, yale ya kupamba pindo la pazia. Nimeomba. Shangazi akasema nichukue kidogo. Hakusema kidogo kiasi gani. Yametosha mikono yote miwili na mgongo wa koti langu la jinzi. Koti linawaka!

Saa tano, balaa. Nashona pazia la mteja, kasi, roho kwatu. Matamvua ya mkono wa kushoto yakaingia chini ya sindano. Nilipotaka kuinuka, pazia likainuka na mimi. Nimejishona! Wifi alijitolea kunikata kwa mkasi, taratibu, kwa raha zake, huku akimwita Shangazi aje aone. Shangazi akasema mwanangu, hebu vaa kama watu.

Nimelia kidogo chooni. Kisha nimekwenda kununua kofia.

Ijumaa, tarehe 7
Wifi amesuka nywele. Amekariri majina ya vitambaa vyote dukani. Nimemfuma mbele ya kioo akijifunza kukaribisha wateja, anainama, anatabasamu, anainama tena. Mbinu za mtu asiye na kofia.

Jumamosi, tarehe 8
USHINDI!

Niliingia na vyote: kofia, leso shingoni, koti, mkanda, buti. Shangazi alinitazama, akafumba macho, akafumbua. Bado nilikuwepo.

Saa nne akaja Mama Hoteli, mteja mkubwa kuliko wote tuliowahi kupata, mara yake ya kwanza dukani, anatafuta mapazia ya vyumba arobaini. Wifi akamrukia mlangoni. Akamfuata kitambaa kwa kitambaa, anasifia hiki, anasifia kile, mpaka mama wa watu akawa anatembea upandeupande kumkwepa.

Nami nikataka kumkimbilia. Nikainua mkono kuweka kofia sawa, matamvua yakanasa kwenye pete za pazia la maonyesho. Navuta, yanakaza. Mkono uko juu, mbele siendi, nyuma sirudi. Ningefanya nini? Mkono wa pili nikautia kwenye mkanda, nikatulia tuli, kana kwamba ndivyo nilivyokusudia.

Mama Hoteli akaja mwenyewe! Akasema afadhali duka hili lina mtu mmoja asiyemganda mteja. Alidhani mimi ndiye mwenye duka. Akauliza kuhusu kitambaa nilichomshikia juu. Nikamwambia hakikunjiki ovyo, hakipauki, pindo lake linakaa miaka, na hapo sikudanganya hata neno moja. Akaagiza hichohicho, vyumba vyote arobaini, marefu ya kufika sakafuni!

Shangazi kanipa nafasi palepale. Kisha akapanda ngazi kuninasua. Aliyeshika ngazi ni Wifi. Nimefurahi mpaka mashavu yanauma.

Jumatatu, tarehe 10
Siku ya kwanza mbele. Wifi yuko nyuma, uso ukutani. Nimemwonea huruma kama dakika mbili.

Shangazi amenisihi niyakate matamvua, eti Jumamosi niliponea chupuchupu. Niliponea wapi? Bila matamvua, Mama Hoteli angeniona saa ngapi?

Ila bado kuna upungufu. Jioni nimepita kwa fundi vyuma, nimeagiza vile vyuma vya mviringo vyenye meno, ambavyo makauboi hufunga nyuma ya kisigino cha buti. Viwili. Fundi akauliza huwa natembea juu ya nini, maana vinararua kitambaa vibaya sana. Nimemtoa wasiwasi. Ijumaa Mama Hoteli anakuja kukagua mapazia ya vyumba kumi vya kwanza, yote yatatandazwa sakafuni, na mimi ndiye nitakayemtembeza.