Tumbo la Ofisi Limepunguzwa

Ofisi Kuu ya Uratibu ilitangaza, kwa furaha kubwa na kwa vipaza sauti viwili, kwamba tumbo la Afisa wake Mwandamizi wa Uwakilishi Mezani limepunguzwa kwa upasuaji, kwamba upasuaji ulikwenda salama, na kwamba huduma kwa wananchi hazitaathirika.

Tangazo hilo lilikuwa la lazima, maana tumbo lenyewe lilikuwa la umma. Mkurugenzi Mkuu alialikwa kila mahali: uzinduzi wa bomba, mahafali, harusi za watu aliowahi kusalimiana nao kwenye lifti. Angekwenda kote huko, kazi angefanya saa ngapi? Basi kwa hekima yake akabuni cheo, na cheo akampa mtu mmoja mwenye bidii ambaye mtaa mzima ulimwita Bwana Sahani. Kazi yake ilikuwa kula kwa niaba. Akikaa mezani, Ofisi imekaa. Akiongeza mchuzi, Ofisi imeridhika. Mwenyeji aliyeona sahani inarudi jikoni nyeupe alijua ombi lake limepokelewa, ingawa hakuna aliyewahi kuona limejibiwa.

Miaka ikaenda hivyo, naye akanenepa kwa uadilifu. Sukari ikapanda, presha ikapanda, magoti yakagoma. Daktari akamwambia bila kuzunguka mbuyu kwamba akiendelea kuwakilisha kwa kasi ile, shughuli itakayofuata watu watakula bila yeye, na itakuwa ya kwake. Ndipo akakubali kukatwa, na tumbo lililowahi kubeba harusi tatu kwa siku likabaki dogo kama ndizi.

Mtu aliyetoka kupunguzwa tumbo hahitaji makubwa. Hayo aliyasema muuguzi wa lishe, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kocha wa mpira, aliyewakusanya Bwana Sahani na wenzake kila wiki katika chumba cha nyuma cha kliniki. Viti vya plastiki vilipangwa duara, na mizani ilisimama pembeni, hakuna aliyependa kuitazama.

"Kidogo kidogo," alisema muuguzi. "Tafuna mpaka kilainike. Nyama, yai au maharage kwanza. Wali baadaye, kama nafasi ipo. Maji usichanganye na chakula. Vidonge vya vitamini kila siku. Tembea. Na ukisikia huzuni, sema. Humu hatutaki mashujaa."

Bwana Sahani akasema. Alisema nywele zinanyonyoka, anasikia baridi mchana kweupe, na suruali anaishikilia kwa mkono kama mtu anayevuka mto.

"Dada, mimi nakikumbuka chakula kama mtu aliyefiwa. Na nikikaa mezani bila kula, sijui mimi ni nani."

Jirani yake, dereva wa lori aliyepunguzwa mwaka uliopita, akamwekea mkono begani. "Sote humu, kaka. Sote." Huo ndio ulikuwa msaada wa kwanza kumfikia, na haukuwa na muhuri.

Ofisi isingekubali kuzidiwa na chumba cha nyuma. Iliunda Kamati ya Ustawi na Maisha Baada ya Tumbo, yenye wajumbe wazito kwa kila maana. Kikao cha kwanza kilijadili iwapo afisa mwenye tumbo dogo bado anastahili kiti kikubwa. Cha pili kilipendekeza ale kwa awamu: awamu ya kwanza kwenye shughuli, awamu ya pili nyumbani, awamu ya tatu kesho yake, kwa taarifa ya maandishi. Mjumbe mmoja mwenye uchungu na mali ya umma aliuliza ile sehemu iliyokatwa imerudishwa bohari gani. Katibu wa Kamati, mama makini aliyeandika kila neno mpaka kikohozi, akaliandika na hilo.

Muuguzi naye aliitwa kutoa ushauri wa kitaalamu. Alisema mambo mawili tu: mtu huyu asilazimishwe kula, na asiachwe peke yake. Kamati ilimpigia makofi, ikaahirisha kikao, ikaenda kunywa chai na keki.

Siku ya kuzindua Kamati, Mkurugenzi Mkuu alipanda jukwaani. Alikuwa mwembamba, mtanashati, mwenye mashati ya kubana. Mbele yake aliketi Waziri, na pembeni kulikuwa na kamera. Mkurugenzi akiona kamera ulimi wake hulegea wenyewe.

"Ofisi hii haimtupi mtu wake!" alinguruma. "Natamka leo: chochote kitakachomshinda mezani ndugu yetu huyu, nitakimaliza mimi mwenyewe! Mimi! Mpaka tumbo lake litakaporudi kama zamani!"

Ukumbi ukalipuka vigelegele. Waziri akainuka, akampa mkono, akasema kauli ile iwe mfano kwa taifa zima. Redio ikairudia jioni na asubuhi. Katibu wa Kamati akaiandika kama agizo.

Agizo la pili lilitolewa koridoni, bila kamera.

"Sahani, tusichoshane," alisema Mkurugenzi huku akitazama saa. "Mambo ya kliniki yabaki kliniki. Jumamosi una karamu ya wafanyabiashara wa soko kuu. Sahani irudi nyeupe. Ikibaki hata punje, Jumatatu unakwenda bohari ya samani mbovu, na nyumba ya Ofisi unaiacha. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, mkubwa."

Nyumbani alimkuta mkewe kwenye cherehani, anapunguza suruali kwa mara nyingine. Bwana Sahani akakaa kwenye ukingo wa kitanda, akamweleza yote.

"Nitakula tu, Mama Pacha. Mara moja, basi."

"Muuguzi alisemaje ukilazimisha?"

"Nitatapika. Au mshono wa ndani uachie."

"Halafu?"

"Halafu... nyumba inabaki."

Mkewe akakata uzi kwa meno. "Baba Pacha, mimi nilizaliwa nyumba ya kupanga, nikaolewa nyumba ya kupanga, na mvua haijawahi kuninyeshea. Nyumba za kupanga zimejaa mjini. Mume wa kupanga sijawahi kusikia."

Bwana Sahani alicheka, lakini usiku ule hakulala vizuri, na Jumamosi alikwenda karamuni bado hajaamua.

Wafanyabiashara wa soko walikuwa wamejikakamua. Sahani aliyowekewa ilikuwa na wali wa kujaza beseni, kuku nusu, vipande vya nyama na viazi vilivyoegemeana kwa mashaka. Mwenyekiti wa soko, mama muuza vitunguu aliyezoea kuzungumza juu ya kelele za watu, aliketi mkabala naye. Katibu wa Kamati alikuwepo pia, kwa shughuli rasmi ya kuangalia.

Bwana Sahani akaanza na kuku. Akatafuna, akatafuna tena, meza nzima ikimhesabia matonge. Akala kijiko kingine na kingine. Kisha kifua kikabana, kwikwi ikapanda, na akajua tumbo limebisha hodi. Kijiko kikabaki hewani. Aliifikiria nyumba, akawafikiria mapacha wakibeba godoro barabarani, na hofu ikamkaba kweli kweli, si mzaha. Akaona bora aaibike yu hai. Akakiweka kijiko chini.

"Kimenishinda, mama."

Mpishi akaja kuichungulia sahani.

"Mwaka jana uliongeza mara tatu," alisema Mwenyekiti wa soko, "na choo cha soko hatukupata. Leo umedonoa kama kifaranga. Sasa tutapata nini? Ugonjwa?"

"Si mkubwa alisema redioni?" mtu akapaza sauti kutoka nyuma. "Kikimshinda huyu, anamaliza yeye!"

"Eeh! Aitwe!"

Macho yote yakamgeukia Katibu. Naye akavaa miwani, akafunua kurasa zake, akathibitisha kwamba agizo lipo na halijatenguliwa.

Mkurugenzi alikuja haraka, kwa kuwa aliambiwa waandishi wa habari wameshafika. Akamtupia Bwana Sahani jicho la bohari, akaketi, akatabasamu, akaweka mdomoni kipande kimoja kwa ajili ya picha. Alipotaka kuinuka, Mwenyekiti wa soko alikuwa ameshasogeza kiti chake, magoti kwa magoti.

"Agizo linasema kumaliza, mkubwa. Kula taratibu, mimi nikueleze. Soko letu halina choo. Akina mama tunashinda pale tangu alfajiri tumejibana. Mtoto wangu wa mwisho nilikaribia kumzaa kati ya magunia."

Mkurugenzi aliinua kidole. Alitaka kufafanua kuhusu mchakato, mkakati na mwongozo. Lakini mdomo ulikuwa umejaa nyama, nyama ilikuwa ngumu, na kamera zilikuwa zinatazama. Kila alipokaribia kumeza, mpishi aliongeza mchuzi. Maisha yake yote alikuwa hajawahi kumsikiliza mtu mpaka mwisho wa sentensi, na sasa alimaliza sentensi kama arobaini. Mwishowe akatikisa kichwa, ili tonge lishuke.

"Amekubali!" akapiga kelele Mwenyekiti.

Vigelegele. Katibu akaandika: amekubali. Na kwa kuwa taifa zima lilikuwa limeona kichwa kikitikisika, choo kilijengwa.

Jumatatu Bwana Sahani alifika kazini na mto wake wa kukalia, tayari kwa bohari. Badala yake alikuta mialiko. Walimu walikuwa wanamtaka, mafundi viatu wanamtaka, hata wagonjwa wa kulazwa walikuwa wamechangishana. Wote waliomba kwa maneno yaleyale: waletewe yule anayebakiza.

Naye alikwenda. Alikula vijiko vyake vichache, akashiba, na kwa kuwa mdomo ulikuwa huru akaanza kuwauliza wenyeji habari zao. Miaka yote aliyowakilisha hakuwahi kujua hata mmoja wao analia nini; alikuwa akitafuna. Kwenye duara la viti vya plastiki aliwaambia wenzake kwamba sasa akikaa mezani anajua yeye ni nani, na muuguzi akapenga kamasi akisingizia vumbi.

Mkurugenzi, aliyeitwa kumaliza kila sahani iliyobakizwa, hakuwa na raha hiyo. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu uchungu. Vifungo vya mashati ya kubana vilianza kumkimbia kimoja kimoja. Ukubwa jalala, walisema wahenga, na yeye alimwagiwa vyote, viporo na malalamiko, kwa pamoja. Akaitisha kikao cha dharura, muuguzi akaitwa tena.

"Tumbo la Sahani litarudi lini kama zamani?"

"Halirudi, mzee. Na sisi kazi yetu ni kumsaidia lisirudi. Atakula hivyo hivyo maisha yake yote."

Wajumbe wakatazamana.

"Hata kwa agizo?" akauliza yule mwenye uchungu na mali ya umma.

"Hata kwa agizo."

"Basi ahamishwe bohari!" Mkurugenzi akagonga meza. "Leo hii!"

Katibu akavaa miwani. "Inawezekana, mkubwa. Ila cheo kikiwa wazi, majukumu yanarudi kwa aliyeyakasimu. Utakuwa unaanza mwenyewe, tangu kijiko cha kwanza."

"Na ile kauli yangu? Naweza kuitengua?"

"Waziri ameshaipeleka kwenye hotuba zake, mkubwa. Jana kaitaja mara mbili."

Barua ya uhamisho ilichanwa palepale, vipande vikatiwa mfukoni na Mkurugenzi mwenyewe. Tangu siku ile hakuna aliyejali afya ya Bwana Sahani kama yeye. Alimpigia simu alfajiri kumwuliza kama amemeza vidonge. Alimkataza kupanda pikipiki. Alimletea sweta, maana baridi, alisema, inaua hamu ya kula.

Hivi karibuni walialikwa na wazazi wa shule iliyo ng'ambo ya mto. Meza ziliwekwa darasani, juu ya madawati yaliyounganishwa. Siku hizi Mkurugenzi hangoji kuitwa. Alikuwa ameshaketi mkono wa kuume wa Bwana Sahani, anahema, amelegeza mkanda. Bwana Sahani alikula samaki wake polepole, akafuta midomo, akasogeza sahani kulia.

Mkurugenzi akamwinamia sikioni.

"Ndugu yangu. Kijiko kimoja tu. Kimoja. Nakupandisha cheo hapa hapa."

"Nimeshiba, mkubwa."

"Nusu kijiko. Nakusihi kama mzazi wangu."

Bwana Sahani alimtazama. Alimwonea huruma, tena ya dhati, kwa sababu alikijua kile kiti, alijua namna mshipi unavyokata kiuno na jasho linavyoshuka nyuma ya masikio. Alimnong'oneza kwamba kliniki, chumba cha nyuma, kuna viti vya plastiki na hawabagui mtu.

Mkurugenzi alifungua mdomo kujibu. Mama mwenye mwiko akawahi, akampakulia mlima mwingine, na baba mmoja wa wanafunzi akavuta benchi karibu.

"Usiharakishe, mkubwa," alisema. "Tulikuwa tumefika kwenye habari ya daraja."