Jinsi Martini Alivyolipanda Jiwe la Msingi

Njooni, enyi mliojaliwa mtandao hata chooni, mnisikilize mimi Martini mwana wa Tluway, mlima mahindi wa Mbulumbulu, mgane wa mwaka wa tatu, niliyesoma hadi darasa la nne kisha nikarudishwa kwa ng'ombe. Niwasimulie vita nilivyopigana bila jeshi wala ngao, ila simu yenye kioo kilichopasuka.

Chanzo chake ni hiki. Kwenye orodha ya mbolea ya ruzuku liliandikwa jina la marehemu mke wangu, Lusia, badala ya langu, na mbiu ikapigwa kwamba jina lisilosahihishwa kufikia saa kumi jioni ya Ijumaa litafutwa, na shamba lake lisubiri mwakani. Ijumaa hiyo asubuhi nikashuka Karatu na cheti cha kifo, nikakiweka mezani kwa afisa, kikamgusa kiwiko. Akasema siku hizi hapokei karatasi, nikakipige picha nikitume kwa simu. Nikamuuliza kitamfikia nani. Akasema kitamfikia yeye.

Simu nilikuwa nimeiacha nyumbani. Nikaupanda mlima tena.

Sasa jueni kwamba kijijini kwetu mtandao hushika mahali pamoja tu, juu ya jiwe la msingi la mnara ambao wakubwa walikuja kuuzindua kwa utepe na soda, wakaondoka na utepe, na mnara haujaja hadi leo. Jiwe lina nafasi ya miguu miwili, na jina la mkubwa aliyeliweka tumelisugua kwa visigino mpaka zimebaki herufi tatu. Ng'ambo ya bonde, ukingoni mwa msitu wa Ngorongoro, hoteli ya watalii ina mnara wake, na Mzungu huongea na mama yake akiwa ndani ya beseni la kuogea. Sisi hupanga foleni, kwa sheria moja: mwenye msiba hutangulia.

Nilifika saa tisa na nusu. Watu kumi na mmoja walikuwa mbele yangu, na juu ya jiwe alisimama Selina, Mama Noel, ambaye tangu abatizwe hajawahi kushindwa kwa maneno. Nikatamka kwamba nina msiba.

"Wa nani?"

"Wa Lusia."

"Shemeji, wa miaka mitatu huo si msiba tena, ni tabia."

Foleni ikacheka. Mimi sikucheka. Nikakiinua cheti kama bendera ya kikosi, nikahutubu:

"Mama Noel, nanyi mlionisaidia kuzika. Ninyi mnajua amekufa. Wakubwa hawajui, kwao Lusia yuko hai, analima, anasubiri mbolea. Picha hii ikifika ndipo atakufa kwao. Basi amekufa leo, na mimi nimefiwa leo, na saa kumi ikinikuta hapa chini, sina mke na sina mahindi."

Selina akashuka.

"Pole kwa msiba, shemeji," akasema. "Panda."

Nikapanda, nikatuma. Kiduara kikazunguka polepole kama maksai wanaopura ngano, kikafika nusu, kikasimama. Nikanyoosha mkono, kikasogea. Nikasimama kwa vidole vya miguu, kikasogea tena. Remigius fundi baiskeli akatoka kwenye foleni akanishika kiuno nisianguke, na muda wote huo hakuna aliyethubutu kukohoa, wakichelea kuufukuza mtandao.

Saa kumi kasoro dakika tatu simu ikalia. Nikausoma ujumbe kwa sauti, herufi kwa herufi, kwa elimu yangu yote:

"Ndugu Lusia, taarifa za kifo chako zimepokelewa. Ahsante kwa ushirikiano."

Wanaume wakavua kofia. Selina akaongoza sala, fupi, maana betri yake ilikuwa inaisha.

Na iandikwe, kama yupo anayeandika mambo ya huku, kwamba Ijumaa ile Martini mwana wa Tluway aliipeleka karatasi moja mara mbili kwa mtu mmoja, na mara ya pili ikapokelewa. Mahindi yatapata mbolea. Ujumbe ule sijaufuta, kwa kuwa ndiyo barua pekee ambayo wakubwa wamewahi kumwandikia mke wangu.