Taarifa ya Marehemu Pale Ihumwa

Jamani, leo nimeaibika. Tena si mbele ya watu wawili watatu. Nimeaibika mbele ya mchungaji, mbele ya serikali na mbele ya marehemu mwenyewe. Nimejifungia chumbani kwangu mjini, Area D, nimekalia mto kwa sababu mtakayoielewa huko mbele. Naandika haraka kabla hamjatumiwa video.

Kazi yangu mnaijua. Nimekuwa katibu wa mbunge wetu, yule ambaye wenzake bungeni walimwita Mzee Lambo. Hoja iwe ya barabara, iwe ya korosho, yeye angeizungusha weee mpaka ifike kwenye malambo ya kunyweshea ng'ombe wa Wagogo. Amefariki wiki hii. Leo tumemzika kwao Ihumwa, na mimi ndiye niliyepewa kazi ya kusoma wasifu wake.

Sasa kuna jambo lazima mlijue, la sivyo mtaniona nimechanganyikiwa. Mzee alikuwa haendi kuchangia bungeni bila mazoezi. Jioni tunasimama sebuleni kwake. Mimi naigiza mbunge anayechangia. Yeye anakohoa kikohozi chake, kimoja tu, kikavu, halafu anasimama: "Mheshimiwa Spika, taarifa!" Hapo natakiwa nikae, maana bungeni mwenzako akiruhusiwa kukupa taarifa unakaa umsikilize. Ananisahihisha. Mkewe, Mama Neema, huku anamenya viazi, anageuka Spika: "Unaipokea taarifa, au huipokei?" Nikichelewa kukaa, mzee ananuna. ("Binti, Bunge si gulio!") Nimekaa na kusimama kwenye sebule ile mpaka magoti yakawa yanajiendea yenyewe.

Jioni moja baada ya mazoezi akanitazama, akasema, "Nikifa najua utasoma wewe. Usinipambe. Ukinipamba, nasimama kwa taarifa."

Tukacheka. Nikamwahidi.

Na jana nikampamba. Ningefanyaje? Mbunge akifa, katibu wake naye hana kazi. Nikasikia mgeni rasmi ni mkubwa mmoja ambaye ofisi yake inatafuta mwandishi wa hotuba. Basi nikakaa nikaupika wasifu ukaiva. (Mimi Mhaya, kutia chumvi sikufundishwa na mtu.) Kisima cha Ihumwa nikaandika amekichimba kwa mikono yake mwenyewe. Bungeni nikaandika hajawahi kufumba jicho. Nilipomaliza, nilikuwa nimemuumba mtu ambaye hata mimi ningependa kumfahamu.

Asubuhi nimefika msibani, upepo umekaza, turubai linapigapiga, vumbi limejaa mpaka kwenye meno. Jeneza lilikuwa sebuleni, palepale tulipokuwa tunafanyia mazoezi. Mama Neema akaniambia, "Mwanangu, nenda chumbani ukaniletee Biblia yake."

Nikaenda. Chumba kimya. Suti yake ya kijivu ya mikono mifupi imetundikwa nyuma ya mlango, kofia juu ya kitanda, fimbo imeegemea ukuta. Palikuwa bado pananukia karafuu, maana mzee alikuwa akitafuna karafuu kutwa nzima. Nikainama kuchukua Biblia.

Nyuma yangu mtu akakohoa. Kikohozi kimoja tu, kikavu.

Nikageuka. Hakuna mtu! Suti tu, na mkono wake mmoja unayumba. Dirisha lilikuwa limefungwa.

Sikupiga kelele. (Sauti ilikataa kutoka.) Nikampelekea Mama Neema Biblia, nikaenda kukaa chini ya turubai katikati ya watu wengi, nikajiambia ni uchovu. Sikulala vizuri jana, nilikuwa napika wasifu.

Mchana Mama Neema akanituma tena chumbani, nikamchukulie miwani. Mguu mmoja mbele, mmoja nyuma, nikaingia. Suti haipo! Kofia haipo. Fimbo haipo. Kitundikio kinayumba mlangoni peke yake.

Nikatoka mbio kupitia mlango wa uani. Sasa pale uani kuna mbwa wa mzee, Simba. Tangu mzee afariki alikuwa hajala, amelala tu karibu na zizi. Nikamwona anainua kichwa. Anasimama. Anatikisa mkia! Halafu akaanza kutembea taratibu kuzunguka nyumba, kama alivyokuwa akimfuata bwana wake. Nikatazama anakoelekea, nikaona mgongo wa suti ya kijivu ukipotea kwenye kona. Kofia juu. Fimbo: tak, tak. Mguu wa kulia unaburuzwa kidogo, vilevile kama wa mzee.

Kando yangu mama mmoja wa makamo alikuwa anakoroga mlenda.

"Shikamoo mama. Samahani, ni nani yule amepita pale?"

Wala hakuinua kichwa. "Si mzee huyo."

"Mzee yupi?"

"Mzee mwenyewe. Mwenye msiba wake." Akaendelea kukoroga.

Jamani! Nikatamani nipande bajaji nirudi mjini, lakini kwenye kipaza sauti nikasikia ninaitwa: "Sasa tumkaribishe katibu wa marehemu, atusomee wasifu."

Nikasimama mbele. Jeneza lilikuwa limeshatolewa, liko mkono wangu wa kushoto. Mama Neema kakaa kwenye mkeka, kajifunika khanga, tangu asubuhi hajatoa chozi wala neno la ziada. Mgeni rasmi kakaa mstari wa kwanza. Nyuma yangu kulikuwa na kiti changu, na juu ya kiti hicho, bila mimi kujua, vijana wa itifaki walikuwa wameegesha shada la maua la mgeni rasmi. Kubwa, la waya.

Nikaanza. Kuzaliwa, sawa. Ualimu wa shule ya msingi, sawa. Sauti ikaanza kurudi. Mgeni rasmi akatikisa kichwa kukubali, nami nikapata nguvu: "Marehemu alikuwa mtu wa vitendo. Kisima mnachokitumia leo alikichimba kwa mikono yake mwenyewe, peke yake, bila kuchoka..."

Nyuma ya turubai mtu akakohoa.

Upepo ulikuwa umetulia. Nikaendelea kusoma: "...na bungeni hajawahi kufumba jicho..."

"MHESHIMIWA SPIKA, TAARIFA!"

Sauti ileile. Nzito, ya puani kidogo. Turubai likafunuliwa, akaingia. Suti ya kijivu, kofia imeshushwa mpaka machoni, fimbo, mguu unaburuzwa, Simba nyuma yake anatikisa mkia. Harufu ya karafuu ikamtangulia. Akasimama kando ya jeneza lake, akainua mkono, akasalimu kwa Kigogo: "Mbukwenyi!" Na watu, jamani, watu wakamwitikia!

Mtu mwenye akili angekimbia. Mtu mwenye imani angekemea kwa jina la Yesu. Mimi magoti yangu yalisikia neno "taarifa", yakafanya yalichozoezwa.

Nikakaa.

Nikakaa kwa kishindo, juu ya shada la mgeni rasmi! Waya zikaingia pasipostahili kutajwa. Na kipaza sauti kikiwa mdomoni, mbele ya kijiji kizima, nikalia: "Naipokea, Mheshimiwa! Naipokea! Kisima hukuchimba! Nilikupamba, nisamehe!"

Watu wakanitumbulia macho.

Halafu kutoka kwenye mkeka ikaja sauti ya Mama Neema, taratibu: "Mwenzio hata hajaitoa hiyo taarifa. Unaipokea ya nini?"

Akaanza kucheka. Akacheka mpaka khanga ikamdondoka, na katikati ya kucheka machozi yakamtoka, akalia kilio chake cha kwanza tangu mumewe afe. Wanawake wakamkumbatia. Msiba mzima ukawa unacheka na kulia kwa pamoja. Marehemu akavua kofia. Ndani yake alikuwa bibi mmoja mwembamba mwenye mvi.

Ni Bibi Kabula, Mnyamwezi wa Tabora, mtani. Marehemu mumewe alikuwa mfanyakazi wa reli, waliwahi kuishi hapo Ihumwa, nyumba jirani na mzee. Kumbe kwa Wagogo na watani wao, mtani akija msibani ana ruhusa ya kuvaa nguo za marehemu, kutembea kama yeye, kusema kama yeye. Kila mtu pale alikuwa anajua. Mimi utani wa makabila naujua wa kurushiana maneno ofisini. Sijawahi kuona unaovaa suti!

"Simama, binti," Bibi Kabula akasema, bado kwa sauti ya mzee. Nikasimama. Shada likasimama na mimi. (Hapo ndipo video inapoanzia.)

Mchungaji na mama wa mlenda wakanibandua. Bibi Kabula akageukia watu: "Kisima tulichimba sisi wanawake. Huyu mtani wangu alishika kamba juu, akiimba vibaya. Lakini siku udongo ulipotufukia wawili, hakuiachia ile kamba, mpaka nyama za viganja zikachanika. Hilo mbona hujaliandika?"

Ile alama ya viganjani niliiona kila siku alipokuwa ananipa makaratasi, na sikuwahi kumuuliza.

Nikaziweka karatasi chini, nikasema yale niliyoyajua. Kwamba bungeni alisinzia, tena kwa mlio, lakini mtu akitaja maji tu, anaamka. Kwamba aliogopa kipaza sauti, ndiyo maana tulifanya mazoezi kila jioni. Kwamba nilimwahidi nisimpambe, nikampamba. Hapo nikalia kama mtoto. Tukamzika akiwa yeye mwenyewe, na nadhani hilo ndilo alilolitaka.

Mgeni rasmi aliliangalia shada lake, akaniangalia mimi, akapanda gari. Ile kazi ya kuandika hotuba naihesabu imekwenda na maji.

Wakati wa kunawa mikono nikamfuata Bibi Kabula. "Bibi, umeniweza. Ila asubuhi ulinitisha zaidi, uliponikoholea kule chumbani."

Akaacha kunawa. "Asubuhi gani, mwanangu? Mimi basi limenishusha hapa mchana. Asubuhi nilikuwa bado Manyoni."

Nikamgeukia Mama Neema. Akanitazama kidogo, akajifuta mikono, akasema, "Mimi kikohozi hicho nimeshakizoea," akaenda zake kuwapa wageni chakula.

Basi nawaomba msicheke. Na mkishindwa kujizuia, chekeni mkiwa mmekaa, maana sijui jioni hii mzee yuko kwenye sebule ya nani.