Mstari wa Tope Ukutani

Jumatatu, tarehe 3 Machi
Leo hatukuchimba mtaro. Tumekaa, tumesikiliza mpango wa mafuriko wa manispaa. Afisa mipango, binti mdogo mwenye buti kubwa kuliko zangu, kasema nyumba zilizoingia maji mwaka jana zitahamishwa. Watu watapewa viwanja kilimani. Nyumba kavu zinabaki.

Yangu kavu. Ya mama fundi cherehani mpaka leo inanuka tope. Atahama!

Mke wangu kafariki mwaka wa sita huu. Tangu hapo ni huyu mama tu anayeniuliza nimekula nini. Akienda kilimani nitaulizwa na nani? Na mlango?

Halafu Kipara, yule mwashi jirani yangu, eti kajitolea kumjengea huko. Bure! Mimi hajawahi kunipa hata msumari.

Jumanne, tarehe 4
Nimepata akili. Watajuaje nyumba iliingia maji? Kwa alama ya tope ukutani. Basi! Nami tope ndiyo kazi yangu. Nikiwa na alama, nahama naye.

Jumatano, tarehe 5
Mtaa mzima uko mkutanoni. Mimi nimesema tumbo linauma. Ndoo ya tope, brashi ya chokaa. Nimezungusha mstari chumba kizima mpaka kwenye picha ya harusi. Marehemu ananitazama vile vile alivyonitazama kila nikisema nina mpango. Nimeigeuza picha.

Kazi safi.

Alhamisi, tarehe 6
Afisa kaja kukagua. Nyuma yake Kipara, kambebea vifaa. Kiherehere! Afisa kauliza, kweli maji yalifika hapa? Nikasema mpaka kifuani, mwanangu, tuliogelea. Kauliza na nani. Nikasema na kuku.

Kipara kachomoa pima maji yake, kaiweka kwenye mstari. Kipovu kikakimbilia pembeni, hakikurudi. Mstari umepanda kutoka mlangoni hadi dirishani, shibiri nzima! Kipara kaita majirani waje waone maji yanayopanda mlima. Miaka ishirini nahangaika mitaroni maji yashuke. Leo nimeyapandisha.

Afisa kacheka mpaka kakalia kitanda changu. Kasema baba, maji yangefika hapa, ofisi yetu ingezama na paa lake.

Mchana mama fundi kapita. Kauliza kama nilipokuwa naogelea nilimvulia samaki.

Aibu.

Jumamosi, tarehe 8
Barua ya manispaa! Afisa kanisomea mwenyewe. Wamepima, nyumba yangu ndiyo iliyo juu na kavu kuliko zote mtaani. Imekuwa kimbilio la mafuriko. Nimepewa filimbi na koti linalong'aa. Maji yakija, wote wanakimbilia kwangu.

Koti linabana. Sivui.

Jumatatu, tarehe 10
Mazoezi. Nimepuliza filimbi. Watu arobaini chumba kimoja, na mbuzi wanne. Mmoja kala kola ya koti.

Wa kwanza kufika, mama fundi, cherehani kichwani. Afisa kasema viwanja bado havijapimwa na mvua ziko karibu, vitu vya thamani vibaki kimbilioni. Cherehani imebaki kwangu! Atakuja kushona kila siku, pale dirishani. Kaigeuza picha ya harusi, kaifuta vumbi, kasema mwenye nyumba hafichwi. Halafu kaniuliza nimekula nini. Nikashindwa kukumbuka.

Raha! Ila Kipara naye kaacha mifuko sita ya saruji. Eti saruji haitaki unyevu, lazima aje kuiangalia. Kila siku. Saa za kushona!

Jumanne, tarehe 11
Kaja mara tatu. Kakalia saruji yake, anamsifia mama mshono. Suruali yake mwenyewe imechanika nyuma, hata haoni. Mama kaona. Kasema avue aishone!

Nimewaza. Majina ya wanaohama bado hayajafungwa. Kumbe nilipaka nyumba siyo! Ya Kipara ikiwa na mstari, kilimani anakwenda yeye na saruji yake. Mama naye atahamia huko huko, lakini hilo nitaliwaza kesho. Na kosa langu lilikuwa moja tu, mstari kutolala sawa.

Jioni nimeenda kwa Kipara kuazima pima maji. Kauliza ya nini. Nikasema natengeneza rafu. Kanipa, kanipiga bega, kasema vizuri jirani, sasa unajifunza.

Kweli najifunza. Tope nimeshakoroga.